Wikiendi Busi: Kabla shamba la bibi halijauzwa

Mtoto wa miaka 8 aliposhuka garini nyumbani kwa bibi yake, Busi, swali lake la kwanza lilikuwa simu itachajiwa wapi. Bibi akamwonyesha sola ndogo juu ya bati.

"Hiyo kazi yake ni taa, mume wangu," akamwambia. "Simu itasubiri zamu yake."

Dada yake wa miaka 11 alicheka, lakini kicheko hakikudumu. Yeye aliitwa "mke mwenzangu" na kukabidhiwa ndoo. Mke mwenza, bibi alisema, haji nyumbani kwa mwenzake akakaa kwenye kiti kama mgeni.

Ni utani wa kawaida kati ya bibi na wajukuu. Ila wajukuu hawa walikuwa hawajalala hapa kwa miaka minne. Bibi ndiye aliyekuwa akipanda basi kwenda Dodoma kila Idi, na gunia lake la karanga na kuku miguu imefungwa. Mwaka huu magoti yamekataa. Familia ikaona ni zamu yao kupanda mlima.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo watoto hawakuambiwa. Baba yao anajenga Dodoma, na nyumba imesimama kwenye lenta tangu mwaka jana. Bibi ana ekari nne. Kuna mtu ameshauliza bei.

Lami, kisha vumbi

Kutoka jijini Dodoma hadi mji wa Kondoa ni yapata kilomita 160. Wazazi waliosoma Kondoa miaka ya nyuma wanaikumbuka safari hiyo kwa vumbi, matope na kulala njiani. Leo ni lami tupu. Barabara ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, nayo ni kipande cha ile njia ndefu inayokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Gari linapita Makutupora, Mayamaya na Chemba, na kabla watoto hawajamaliza kugombania dirisha, Kondoa imefika.

Safari yenyewe inaanza hapo. Busi ni kata ya Wilaya ya Kondoa, upande wa milima ya Irangi, nchi ya Warangi. Lami ikiachwa, barabara ni ya udongo mwekundu. Inapanda, inashuka, inavuka makorongo ya mchanga ambayo Juni ni makavu na Februari hayavukiki. Wenyeji wasio na gari wanapanda Noah zinazojaza hadi watu wakae kwa zamu ya pumzi, au bodaboda.

Wakati wa mavuno, kila uwanja una kitu kilichoanikwa: mahindi, uwele, vichwa vya alizeti, mbaazi. Punda wanapita na magunia. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kinachopatikana Juni ndicho kitakacholiwa hadi mwaka ujao.

Ijumaa jioni baridi iliingia na upepo wake. Mama wa watoto alikuwa amebeba masweta mawili tu, akidhani Dodoma yote ni joto. Watoto walilala wamejifunika kanga tatu za bibi na blanketi moja, na simu ilikuwa bado inasubiri zamu.

Jumamosi si siku ya mapumziko

Kijijini hakuna neno wikiendi. Adhana ya alfajiri ilipolia, bibi alikuwa ameshawasha moto. Jikoni kwake ndiyo tembe ya zamani, nyumba fupi yenye paa bapa la miti na udongo, aliyoijenga marehemu mumewe. Nyumba ya kulala ni ya tofali za kuchoma na bati, waliyomjengea watoto wake. Bibi anasema ya bati ni nzuri kwa wageni, lakini ya udongo ndiyo inayojua baridi.

Kazi ya kwanza ilikuwa maji. Kwenye korongo, wanawake walikuwa wamefukua mchanga hadi mkono wote unaingia, na maji yanatokea chini taratibu, meupe kwanza, kisha safi. Unachota kwa kikombe, unajaza dumu. Mtoto wa miaka 8 alijaza dumu la lita tano kwa vikombe alivyohesabu mwenyewe. Alipoanguka nalo njiani nusu ya maji ikamwagika, hakuna aliyemgombeza. Aligeuka mwenyewe akarudi kuchota.

Nyumbani kwao Dodoma huyu ndiye huacha bomba linatiririka akipiga mswaki. Mama yake hakusema neno. Alimtazama tu anavyorudi korongoni na kikombe.

Kazi ya pili ilikuwa alizeti. Vichwa vilivyokauka vinalundikwa kwenye turubai na kupigwa kwa fimbo hadi mbegu zitoke, kisha mbegu zinapepetwa. Kupepeta kuna akili yake. Bibi anainua ungo, anausubiri upepo, anaachia kidogo kidogo. Makapi yanakwenda upande, mbegu zinabaki. Binti alijaribu, makapi yote yakamrudia machoni. Alijaribu tena. Ilipofika saa nne alikuwa ameelewa kwamba ni upepo unaofanya kazi, mikono inangoja tu.

Mchana kulikuwa na ugali wa uwele na mlenda. Mlenda wa huku mara nyingi ni wa majani yaliyokaushwa na kusagwa, unaowekwa akiba kwa miezi ambayo shamba halina kitu kibichi. Unatiwa kwenye maji yanayochemka yenye magadi kidogo, unapekechwa, unavutika. Watoto waliutazama kwa mashaka. Mdogo alisema ugali una rangi ya saruji.

"Saruji ndiyo inayoshika nyumba," bibi akajibu, akamkatia tonge.

Alikula. Jioni aliomba tena, ingawa alisema ni kwa sababu hakukuwa na kitu kingine.

Ng'ombe waliondoka

Nyuma ya nyumba kuna banda dogo na ng'ombe mmoja. Haendi malishoni. Majani anakatiwa na kuletewa, na samadi yake inarudi shambani. Binti aliuliza kwa nini ng'ombe amefungwa kama mfungwa.

Bibi aliweka mundu chini. Swali hilo, alisema, linataka mtu akae.

Bibi ana karibu miaka 70. Hakuzaliwa Busi, aliolewa hapa. Kijiji alichozaliwa kiko ndani ya eneo ambalo watu wa ardhi wa dunia nzima walikuja kulitazama kwa mshangao, kwa jinsi lilivyokuwa limeharibika. Miti ya milima ya Irangi ilikatwa kwa vizazi, kwa mashamba na kuni, na huko nyuma zaidi kwa makaa ya wafua chuma. Mifugo ikawa mingi juu ya nyasi chache. Mvua ya Kondoa ni ya siku chache lakini ikija inakuja kwa hasira, na udongo ule mwekundu ukishavuliwa nyasi haujui kujizuia. Mifereji ikawa makorongo, makorongo yakawa mashimo ambayo nyumba ya ghorofa ingeweza kuzama. Utotoni, bibi alisema, ukimpeleka mbuzi malishoni Jumatatu, Jumatano njia uliyopita haipo.

Wakoloni walijaribu, kwa amri na adhabu. Mwaka 1973 Serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi wanaujua kwa jina la HADO. Makinga maji yalichimbwa, miti ikapandwa. Haikutosha, kwa sababu kwato zilikuwa palepale. Mwaka 1979 ukatolewa uamuzi mgumu: mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika zaidi, eneo lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Si kupunguzwa. Kuondoka.

Makumi ya maelfu ya wanyama walitolewa. Baadhi waliuzwa, wengi walipelekwa kwa ndugu na marafiki nje ya mpaka, nchi za chini.

Baba yake bibi alikuwa na ng'ombe 14. Kaka zake waliwaswaga alfajiri, na baba alikaa ndani hadi kengele ya shingoni mwa dume isikike mbali. Mwaka huo nyumba ilikosa maziwa, ikakosa samadi, ikakosa ng'ombe wa kulimia. Walirudi kwenye jembe la mkono. Bibi mwenyewe alikuwa mchumba wa mtu, na mahari iliyotegemewa ilikuwa imevuka mpaka na kwenda zake.

"Babu yetu alikasirika?" mdogo akauliza.

"Alilia," bibi akasema. "Kukasirika kulikuja baadaye."

Kisha nyasi zikarudi. Hilo ndilo wazee wa Kondoa wanalisimulia hadi leo, na ndilo wataalamu walilolipima na kuliandika. Miteremko iliyokuwa uchi ilifunikwa nyasi na vichaka ndani ya miaka michache, miti ikachipua kutoka visiki vilivyodhaniwa vimekufa, na mchanga uliotulia chini ya makorongo ukageuka mashamba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wachache wa maziwa walianza kurudi, kwa sharti la kufugwa bandani.

Ndiyo maana bibi hamwachii ng'ombe wake kutembea, hata kama Busi hakuna anayemshurutisha. Alipoolewa hapa alikuta shamba la mumewe lina mfereji upande wa chini, upana wa hatua mbili. Watu walisema ni mdogo. Yeye aliujua mwisho wake. Alipanda majani ya tembo kwenye kingo, akaweka mawe na matawi ndani kila kabla ya mvua, miaka nenda rudi. Leo hapo pana migomba mitatu.

Lugha iliyobaki kwa wazee

Jioni jirani mmoja, mzee mwenye kofia ya kufuma, alikuja kusalimia. Watoto walisema "shikamoo" kwa pamoja, wakajibiwa "marahaba". Kisha mzee na bibi wakahamia Kirangi, na watoto wakabaki nje ya mazungumzo kana kwamba mlango umefungwa.

Baba yao alielewa kila kitu. Kujibu ndiko kulikomshinda. Alianza sentensi kwa Kirangi na kuimaliza kwa Kiswahili. Mzee alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama aliyevunjika mguu.

Kondoa na vitongoji vyake ni moja ya sehemu chache sana Afrika ambako jamii nne kubwa za lugha zinaishi jirani. Warangi ni Wabantu. Waburunge na Waalagwa ni Wakushi. Wabarabaig na Wamasai ni Waniloti. Na Wasandawe wanazungumza lugha ya vidoko, ile ya kugonganisha ulimi. Hata Kirangi chenyewe kina upekee unaowaleta wanaisimu kutoka vyuo vya Ulaya: katika baadhi ya nyakati kitenzi kikuu hutangulia kitenzi kisaidizi, jambo ambalo ni nadra kwa lugha za Kibantu.

Watu wanapanda ndege kuja kuisikia lugha ambayo wajukuu wa Busi, saa tatu tu kwa gari, hawawezi kuisalimia. Binti alimwomba bibi amfundishe salamu. Usiku ule, chini ya nyota ambazo Dodoma hazionekani kwa taa za mji, alizirudia mpaka usingizi ukamchukua. Matamshi yalikuwa mabaya. Bibi hakuyasahihisha yote.

Mpaka uko wapi?

Watoto walipolala, baba alilitoa. Alilisema kwa adabu, kwa mzunguko, akianza na magoti ya mama yake, hospitali ilivyo mbali, chumba kitakachokuwa chake nyumba ikiisha. Mwisho akafika kwenye ekari nne na mtu aliyeuliza bei.

Bibi hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Kesho unionyeshe unachouza."

Jumapili asubuhi wote walikwenda shambani. Bibi alitembea na fimbo, taratibu. Akamwambia mwanawe atangulie, aonyeshe mpaka.

Upande wa juu aliujua, una uzio wa minyaa. Upande wa barabara aliujua. Upande wa chini akasimama. Akasema ni kwenye jiwe jeupe. Bibi akatikisa kichwa. Ni mkuyu, hatua 30 mbele ya jiwe. Jiwe liliwekwa na jirani wakati mzee alipokuwa mgonjwa, na mgogoro wake ulisuluhishwa mbele ya wazee wa kitongoji. Upande wa nne alibahatisha.

"Mwanangu," bibi alisema, "unataka kuuza kitu ambacho hukijui mwisho wake. Mnunuzi atakijua kesho yake."

Hakusema kwa ukali. Aliongeza kwamba anajua nyumba haiishi kwa maneno, na kwamba yeye mwenyewe hataishi milele. Lakini shangazi wa watoto yuko Arusha na hajaulizwa. Na hao wawili wanaorusha mawe korongoni, je, nao watajua kwamba palikuwa na kitu?

Waliafikiana jambo dogo. Ekari mbili zitakodishwa kwa jirani msimu ujao, kwa sharti kwamba haondoi majani ya tembo kingoni. Neno la kuuza litasubiri kikao cha familia Desemba, kabla ya mvua. Baba alimpigia simu aliyeuliza bei akamwambia asubiri. Ilibidi apande hadi kwenye kichuguu mtandao ushike.

Kwa mzazi anayepanga safari kama hii

Familia nyingi za mjini zina Busi yao, iwe Kondoa, Mpwapwa, Mbulu au Lushoto. Haya yanasaidia:

Nenda kipindi cha mavuno, Mei hadi Julai kwa kanda ya kati. Kuna kazi ambayo mtoto anaweza kuifanya na kuiona imeisha. Beba masweta, soksi nzito na chandarua. Januari hadi Aprili makorongo hujaa ghafla; usivuke maji yanayokwenda kasi hata kama gari ni kubwa, na usiruhusu watoto kucheza mchangani mvua inaponyesha milimani.

Zawadi ziwe za jikoni: sukari, chumvi, majani ya chai, sabuni, mafuta ya kupikia. Maji ya korongo yachemshwe kabla ya kunywa. Mkilala, mwenyeji wenu amjulishe mwenyekiti wa kitongoji. Ni utaratibu na ni heshima.

Usimfanye mzee kuwa mtumishi wa wageni. Watoto wachote maji, waoshe vyombo, walale mapema. Simu iwe na zamu.

Kama mna siku ya ziada, nendeni Kolo, kilomita 25 hivi kaskazini mwa mji wa Kondoa kwenye lami ya Babati. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na eneo lake lina mapango na vibanda vya miamba zaidi ya 150. Chukueni mwongozaji pale ofisi ya Mambo ya Kale, na msiguse wala kumwagia maji michoro. Baadhi ya sehemu hizo wenyeji bado huzitumia kwa matambiko.

Na kuhusu ardhi: tembeeni mipaka na mzee akiwa hai, watoto wakiwepo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na inaruhusu familia kuomba hatimiliki ya kimila. Ardhi ya kijiji haihamishwi kwa makubaliano ya sebuleni. Halmashauri ya kijiji inahusika. Ulizeni mapema, kabla ya msiba, si baada yake.

Kurudi

Saa nane mchana gari lilipakiwa. Kulikuwa na alizeti debe moja, mbaazi, kuku mmoja na mfuko wa unga wa mlenda ambao mdogo aliushika mwenyewe mapajani. Simu yake ilikuwa imechajiwa tangu jana, ila alikuwa amesahau kuichukua ndani. Ilibidi arudi mbio.

Bibi aliwaaga akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa tembe. Binti alimwaga kwa Kirangi. Bibi alijibu, kisha akamwuliza mtihani wa mwisho: upande wa chini?

Binti alifungua daftari la shule, ukurasa wa nyuma. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: juu minyaa, mashariki barabara, magharibi mtaro wa mawe ya babu, chini mkuyu, si jiwe.

"Hatua ngapi?" bibi akauliza.

"Thelathini," akajibu. "Hatua zako, bibi. Zangu ni arobaini na mbili."